Mkuki Uleule: Kuomba na Kutenda Fadhila katika Ngano za Kale

Mhadhara kwa walimu, wanafunzi na wazee wa Angurai



Sidhani kama kuna aliyeketi hapa ambaye wiki hii hajaomba kitu wala kuombwa. Mmoja amemwomba jirani plau na ng'ombe kabla mvua haijamtangulia. Mwingine ameombwa amdhamini mwenzake kwenye chama. Kuna aliyemsihi mwenye bodaboda amfikishe Malaba, nauli ije jioni, na kuna aliyepigiwa simu usiku na shemeji yake wa Tororo kuhusu karo. Tunayafanya haya kila siku wala hatukai kuyafikiri. Waliotutangulia waliyafikiri sana, na fikra zao wakaziweka mahali ambapo mtoto asingeweza kuzikwepa, yaani katika ngano za jioni. Chukua ngano za ukanda huu wetu, ziweke kando ya hekaya za Waswahili wa pwani, utaona jinsi nyingi zinavyoanza na mtu aliyepungukiwa na kitu ambacho mwenzake anacho.

Hoja yangu leo ni moja. Ngano hizi hazimwaibishi anayeomba. Hukumu yao huwaangukia watu wawili: aliyepewa akasahau, na aliyetoa akadai arudishiwe kilekile alichotoa. Na kati ya hao wawili, anayeogopwa zaidi ni huyo mdai.

Mkuki na ushanga

Ng'ambo ya Mto Malaba, huko Tororo, wanaishi Waadhola, ambao kwa asili ni Waluo. Ndugu zao wa kaskazini mwa Uganda, Waacholi na Waaluri, wana ngano inayoeleza jinsi watu wao walivyotengana. Ni ya ndugu wawili, na majina hubadilika kwa kila msimulizi: kwa wengine ni Labongo na Gipir, kwa wengine ni Tifool na Nyipir. Nitawaita Labongo na Gipir.

Tembo aliingia shambani. Gipir hakupata nafasi ya kutafuta mkuki wake. Aliukamata uliokuwa karibu, mkuki wa Labongo, akaurusha. Ukamwingia tembo, naye akakimbia nao porini. Labongo alipopata habari, hakuuliza kama mazao yalipona wala kama nduguye ameumia. Aliuliza mkuki wake uko wapi. Gipir akamletea mwingine, akaukataa. Akaletewa mikuki mingi badala ya mmoja, akaikataa yote. Alichotaka ni mkuki wake, uleule.

Gipir akafunga safari kwenda nchi ya tembo. Huko akamkuta bibi kizee, akampokea, akampa chakula, kisha akamwonyesha mikuki iliyorudi imechomeka miilini mwa tembo. Gipir akautambua wa nduguye. Alipoaga, bibi yule akampa ushanga mzuri wa kwenda nao nyumbani. Gipir hakuuomba. Alipewa tu.

Akarudi, akaukabidhi mkuki mbele ya wazee. Siku zikapita. Siku moja ushanga ule ulipokuwa ukitungwa uzini, mtoto mchanga wa Labongo akaokota punje moja, akaimeza. Sasa ikawa zamu ya Gipir. Labongo akaleta ushanga mwingine, ukakataliwa. Wakangoja mtoto aende haja, ushanga haukutoka. Gipir akashikilia neno alilofundishwa na nduguye: ushanga wake, uleule. Mtoto akapasuliwa tumbo, ushanga ukapatikana. Ndugu wale wakaachana kando ya Nile, karibu na Pakwach, mahali panapoitwa Wang Lei. Walizika shoka kuwa alama kwamba hawatarudiana, kisha mmoja akavuka kwenda magharibi na mwingine akabaki upande wa mashariki.

Walimu, mkiifundisha ngano hii msikimbilie kuuliza nani mbaya. Ukiwapeleka ndugu hawa kortini, wote wawili wana haki. Mkuki ulikuwa wa Labongo na ulichukuliwa bila ruhusa. Ushanga ulikuwa wa Gipir na ulimezwa na mtoto asiye wake. Hakuna aliyedai kisichokuwa chake. Hapo ndipo ukali wa ngano ulipo: inatuonyesha watu wawili wenye haki kamili wakimuua mtoto asiye na kosa.

Angalieni pia wale wazee. Mkuki unarudishwa mbele yao. Wameona mtu aliyehatarisha maisha kwa kitu ambacho mhunzi yeyote angekifua upya, na ngano haiwapi neno hata moja la kusema. Kama kuna mahali ambapo mambo yangeokolewa, ni hapo. Mzee mmoja angesimama amwambie Labongo kwamba amepata mkuki lakini ana deni la kumwomba nduguye radhi. Kimya chao ndicho kilichompa Gipir ruhusa ya kungoja siku yake.

La tatu ndilo linalonishika zaidi. Ushanga ule ulitoka kwa mgeni ambaye hakudai chochote. Bibi kizee alimlisha mtu asiyemjua, akampa silaha aliyoifuata, akamwongezea zawadi ambayo hakuiomba. Gipir alitendewa wema wa namna ambayo nduguye alishindwa kumtendea. Alipofika nyumbani aliubeba ushanga, lakini wema wenyewe aliuacha kulekule, na zawadi ya ukarimu ikageuka kisu. Fadhila uliyotendewa ugenini, kama huifikishi kwa jirani yako, inaweza kukufanya mkatili kuliko ulivyokuwa kabla ya kuipata.

Mwanazuoni Mfaransa Marcel Mauss, katika insha yake juu ya zawadi iliyochapishwa mwaka 1925, alionyesha kwamba katika jamii nyingi zawadi huja na wajibu wa aina tatu: wajibu wa kutoa, wa kupokea na wa kurudisha. Ngano ya Labongo na Gipir inatufundisha wa nne, nao ni wajibu wa yule aliyetoa: akubali kurudishiwa kwa sura nyingine. Bila huo, zile aina tatu za kwanza zinaishia kwenye kaburi la mtoto.

Nayeche na fahali aliyepotea

Msidhani kwamba ngano za kutengana zote ni za damu. Waturkana, na Wajie wa Karamoja, ni ndugu zetu sisi Wateso kwa lugha; lugha zao na Kiteso zimechipuka kwenye shina moja. Wao nao wana ngano ya jinsi walivyoachana, na ndani yake yumo mwanamke aitwaye Nayeche.

Nayeche alitoka Wajie, akaelekea mashariki akifuata nyayo za fahali wa kijivu, akafika nchi yenye matunda ya porini, akakaa huko akiyachuma. Vijana wa Wajie walioshuka kumtafuta fahali aliyepotea wakamkuta. Akawakaribisha, akawapa matunda, akawaonyesha nchi ilivyo. Vijana wakarudi na habari, wengine wakahamia huko na mifugo yao, na hao ndio wakawa Waturkana. Hadi leo pande hizo mbili hulitaja jina la Nayeche zinapokumbushana undugu wao.

Linganisheni ngano hizi mbili. Zote mbili zinaanza na mnyama aliyekwenda zake. Katika zote mbili wanaume wanamfuata mpaka ugenini, na huko wanapokewa na mwanamke anayewapa zaidi ya walichokifuata. Ya kwanza inaishia kwenye shoka lililozikwa, ya pili inaishia kwenye taifa jipya ambalo bado lina jamaa nyuma yake. Tofauti yao sioni nyingine ila kwamba kwa Nayeche hakuna aliyesimama kudai. Vijana hawakumrudishia matunda yake. Walileta watu, ng'ombe na maisha mapya katika nchi ile, na hayo yakatosha.

Sharti la Mango

Majirani zetu Wabukusu wanatupa upande mwingine wa jambo hili, upande wa masharti. Nyote mnamjua Mango. Watu wa jirani ambao Wabukusu waliwaita Barwa walikuwa wakitahiri, naye Mango akataka kutahiriwa. Wakati huo kulikuwa na joka kubwa lililokuwa likiwamaliza watu na mifugo. Barwa wakamjibu kwa namna ya kumkebehi: kama ni mwanamume kweli, alimalize joka lile kwanza, ndipo arudi na ombi lake.

Kwa wengi hilo lingekuwa jibu la kufunga mlango, na nadhani ndivyo lilivyokusudiwa. Mango alilichukua kuwa ahadi. Alikwenda kwenye pango joka likiwa matembezini, akajificha ndani, akauziba mlango kwa gogo lenye tundu, akangoja na silaha yake. Joka liliporudi likapenyeza kichwa, akakikata. Wanasema kichwa kile kiliruka, kikauma mti, na majani ya mti yakapukutika. Kisha akarudi kwa Barwa kudai neno lao. Wakalitimiza.

Ninaipenda ngano hii kwa sababu inamfundisha mtoaji adabu yake. Anayeweka sharti amekwisha kukubali nusu ya ombi, hata kama hakujua. Barwa wangeweza kutafuta sharti la pili na la tatu, kama wanavyofanya watu wa siku hizi wanaokuambia njoo kesho, na kesho wakakuambia lete na picha mbili. Hawakufanya hivyo. Neno lililotoka kwa kebehi walilitimiza kwa heshima, na kwa sababu hiyo Mango hakubaki peke yake na alichopewa. Desturi ya Wabukusu ya kutahiri inahesabiwa kutoka kwake, na hadi leo, kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, mwezi wa Agosti, vijana wanapita wakiliza kengele za chinyimba barabarani. Ombi la mtu mmoja limekuwa urithi wa watu wote.

Tena kijana huyo mwenye kengele mikononi anafanya nini kabla ya siku yake? Anakwenda nyumba kwa nyumba kuwaalika jamaa. Anakwenda kwa mjomba, ambaye humchinjia mnyama na kumvika nyama shingoni. Mjomba mwenye kinyongo na ukoo wa baba wa kijana anaweza kumpokea kwa maneno makali kabla ya kumpa baraka. Kijana anapita katika mlango wa kuomba kabla ya kuingia utu uzima. Wabukusu hawaoni kuomba kuwa utoto. Wanakuona kuwa sehemu ya ukubwa, kwa maana anayeomba anawatangazia watu kwamba anawahitaji.

Sisi Wateso kwa desturi yetu hatutahiri, lakini tumeishi na ngoma za Agosti kizazi hadi kizazi, na ngano ya Mango ni ya kila mtoto wa eneo hili anayeisikia.

Waliosahau

Sasa niwageukie waliopewa wakasahau. Hapa ngano ni nyingi, nitachagua mbili, moja ya ziwani na moja ya baharini.

Ya ziwani ni ya Nyamgondho mwana wa Ombare, mvuvi maskini wa Gwassi, katika Kaunti ya Homa Bay ya leo. Alivuta wavu akitumaini samaki, akamtoa bibi kizee asiyependeza machoni. Alitaka kumrudisha majini. Bibi akamsihi amchukue nyumbani, naye akakubali. Kutoka siku hiyo boma lake lilijaa ng'ombe. Akaoa wake wengine, akawa mtu wa kutajwa, na akawa mtu wa pombe. Usiku mmoja akarudi amelewa, akamtukana bibi yule kwa asili yake. Asubuhi bibi akaondoka kuelekea ziwani, na ng'ombe wote wakamfuata, na kila kilichokuja naye kikazama naye. Nyamgondho alibaki ufukoni akatazama mpaka akageuka mti. Huko Nyandiwa wenyeji bado huwaonyesha wageni mahali penyewe.

Swali ninalowaachia wanafunzi ni hili: katika ngano hii, ni nani aliyemtendea mwenzake fadhila kwanza? Ni Nyamgondho. Yeye ndiye aliyeombwa, na kwa siku moja alikuwa mkarimu kuliko alivyokuwa maisha yake yote yaliyofuata. Utajiri ulikuja kuwa jibu la ukarimu ule. Aliposahau kwamba bibi alimpa ng'ombe, alisahau pia kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuwa mtu mwema. Ulevi ulimwibia mambo yote mawili.

Ya baharini ni hekaya ya Sultani Darai. Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Zanzibar, aliichapisha katika mkusanyiko wake wa hadithi za Waswahili mwaka 1870. Maskini mmoja alikuwa akipekua jaani kutafuta punje za mtama, akaokota thumni, akanunua paa. Paa yule alikuwa akisema kama binadamu. Kwa akili yake alimpatia bwana wake nguo, jina, mke ambaye ni binti wa sultani, na nyumba iliyojaa mali, baada ya kuliua joka la vichwa saba lililoikalia. Kisha paa akaugua.

Hapo hekaya inapunguza mwendo, na wasimulizi wazuri hawaharakishi. Paa amelala chini, hawezi kuinuka. Anamtuma bibi kizee wa nyumba ile akamweleze bwana kwamba ana homa na mwili wote unamuuma. Bwana ameketi kwenye mkeka wa thamani pamoja na mkewe. Haendi kumwona. Anaagiza paa apikiwe uji wa mtama mwekundu. Katika nyumba ambamo farasi wana chakula chao bora, aliyeileta nyumba yenyewe anapewa uji ambao hakuna anayeutaka. Mke anashtuka, anamtetea paa, hasikilizwi. Bibi kizee anakwenda na kurudi, kila mara na ombi dogo zaidi, kila mara na jibu la dharau zaidi. Paa anakufa kwa uchungu wa moyo. Baada ya siku chache binti wa sultani anaamka yuko kwa baba yake, na bwana anaamka yuko jaani, vidole vyake vimo mavumbini vinatafuta mtama.

Wajerumani wana ngano ambayo ndugu wawili Grimm waliichapisha mwaka 1812, ya mvuvi aliyemwachilia samaki wa ajabu. Mkewe akamtuma arudi kumwomba samaki nyumba, kisha jumba, kisha ufalme, mpaka akataka kuwa kama Mungu, na wote wawili wakajikuta kwenye kibanda chao cha zamani. Mwisho unafanana na wa Sultani Darai, lakini kosa si moja. Kule kosa ni kuomba kupita kiasi. Kwa Sultani Darai na kwa Nyamgondho hakuna aliyeomba kupita kiasi. Maskini wa jaani alipewa hata ambayo hakuyawaza, na hekaya haikumlaumu kwa kuyapokea. Ilimlaumu siku paa alipogeuka mwombaji, naye akashindwa kumpa hata uso wake.

Tazameni paa alihitaji nini. Hakudai thumni irudi, wala nyumba ile. Alitaka bwana wake aje kumjulia hali. Fadhila kubwa kuliko zote katika hekaya ile ingelipwa kwa hatua chache za miguu. Anayesahau hanyimi mali. Ananyima kumbukumbu, na kumbukumbu haimgharimu mtu kitu.

Je, tuwe wajinga?

Najua kuna mtu hapa anajiuliza: kama mtoaji hatakiwi kudai chake, si matapeli watatumaliza? Swali hilo ni la haki, na ngano zimelijibu kwa kinywa cha Abunuwasi.

Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani. Akairudisha na nyingine ndogo ndani, akasema sufuria imezaa. Jirani alijua kwamba sufuria haizai, lakini faida ilikuwa tamu, akapokea zote mbili. Abunuwasi akaiazima tena, kisha akapeleka habari kwamba sufuria imefariki. Jirani akaja juu: tangu lini sufuria ikafa? Akajibiwa kwamba iliyozaa hufa.

Watu hucheka na kumsifu Abunuwasi kwa ujanja. Mimi namtazama jirani. Alipoteza sufuria siku ile alipopokea kisicho haki yake akajua na akanyamaza. Kukubali malipo ya sura nyingine hakumaanishi kukubali uongo. Gipir alileta mikuki mingine na wote wakajua ni mikuki mingine. Pale palikuwa na ukweli kati ya ndugu. Kwa Abunuwasi kila mmoja alikuwa akimnyang'anya mwenzake akiita jambo hilo ujirani. Ngano inatulinda: fadhila ina namna nyingi za kulipwa, na zote zinataka ukweli.

Wala sisemi mikopo isilipwe. Dawa ya deni ni kulipa. Mkopo una kipimo na tarehe, na wawili wamekubaliana. Hatari ni kukiingiza kipimo cha mkopo mahali ambapo fadhila ilikuwa ikitosha.

Kazi ya shamba na chungu cha ajon

Hapa Teso hatukuhitaji ngano peke yake kutufundisha haya. Tulikuwa na shamba, na tulikuwa na chungu cha ajon, pombe yetu ya wimbi. Mtaalamu wa Marekani, Ivan Karp, aliyeishi na Wateso wa upande huu wa mpaka na kuandika kitabu juu yao mwaka 1978, aliandika pia insha nzima kuhusu unywaji wa pombe katika jamii yetu. Alielewa kwamba chungu kile kilikuwa mahali pa kujifunza kuishi na watu.

Mama anayetaka wimbi lake lipaliliwe huwaomba majirani. Kabla ya siku yenyewe ana kazi ndefu. Unga wa wimbi hukandwa kwa maji, hufukiwa shimoni uchachuke kwa siku kadhaa, hutolewa ukakaangwa juu ya moto mkali mpaka ubadilike rangi, ukaanikwa juani. Kisha hutiwa maji na kimea cha wimbi lililooteshwa, ukaachwa uive. Siku ya kazi watu hupalilia, halafu huketi kuizunguka ajon, maji ya moto yakiongezwa chunguni, kila mmoja na mrija wake mrefu, mkono wa kulia.

Fikirini malipo hayo. Jirani alileta jasho la asubuhi. Alirudishiwa kinywaji kilichotoka kwenye wimbi la mwaka jana, ambalo huenda yeye mwenyewe alilipalilia. Hakuna aliyepima mistari aliyolima wala kuhesabu mikupuo aliyovuta. Mgonjwa ambaye hakulima alipewa mrija. Na siku atakapoomba yule aliyekuja kulima, mama huyu atakwenda, au atamtuma kijana wake, au atapeleka mbegu. Kazi ilirudi ikiwa kinywaji, kinywaji kikarudi kikiwa mbegu, mbegu ikarudi ikiwa kazi. Kwa sababu kilichorudi hakikuwa kilekile, hakuna aliyeweza kusema deni limekwisha, na kwa sababu halikwisha, majirani waliendelea kuwa majirani.

Wapo kati yetu wasiokunywa kwa ajili ya dini, na wamefanya vyema kuweka chai na chakula mahali pa chungu. Kinachotakiwa kubaki ni ule mzunguko.

Mkuki wa siku hizi

Tunaishi mpakani, na mpaka umetufundisha kuhesabu. Mwaka 1902 Waingereza waliutoa mkoa wa mashariki wa Uganda wakaufanya sehemu ya himaya yao ya Afrika Mashariki, na Wateso wakajikuta na serikali mbili. Leo kule Malaba wanaobadilisha fedha wanakupa shilingi ya Kenya kwa shilingi ya Uganda kwa bei ya saa ile, na ni haki yao. Lakini shemeji wa Tororo aliyemlea mtoto wako wakati ulipokuwa umelazwa hospitalini, utambadilishia kwa bei gani?

Naona mkuki wa Labongo ukirudi kwa njia tatu. Upo katika daftari la matanga, ambapo familia husema walitupa mia mbili, nasi tunapeleka mia mbili, wala hakuna anayeuliza kama waliofiwa safari hii ni maskini zaidi. Upo kwa kiongozi anayetoa mchango kanisani au shuleni, kisha miaka mitano baadaye anasimama kuwakumbusha watu jina kwa jina, akitaka kura zirudi kama zilizokopwa. Na upo mfukoni mwetu. Baadhi ya kampuni za mikopo ya simu zilikuwa zikichukua majina yaliyo kwenye simu ya mkopaji, na akichelewa kulipa zilikuwa zikimpigia mama yake, mwalimu wake, mwajiri wake, kumwaibisha. Malalamiko yalizidi mpaka sheria ya Benki Kuu ya Kenya ikarekebishwa mwaka 2021, na kanuni za mwaka 2022 zikawataka wakopeshaji hao wawe na leseni na zikawakataza kuwaandama watu kupitia majina yaliyo kwenye simu zao. Serikali ilisema kwa vifungu vya sheria kile ambacho wale wazee wa kando ya Nile walishindwa kukisema: kwamba hata mwenye haki ya kudai ana mahali pa kukomea.

Ombi langu

Tangu mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Owuor Anyumba walipodai katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi kwamba fasihi ya Kiafrika, na fasihi simulizi ndani yake, ikae katikati ya masomo, ngano zimepata nafasi yao madarasani. Tunashukuru. Lakini mara nyingi tunazifundisha kwa mtihani: mhusika mkuu, mandhari, funzo. Mwanafunzi anaandika kwamba funzo la Labongo na Gipir ni tusiwe na ubinafsi, anapata alama mbili, anakwenda nyumbani kumdai dada yake kalamu ileile.

Kwa hiyo, walimu, ninaomba tuwape watoto nafasi ya kuamua kesi. Wapeni nafasi ya wale wazee wawili watatu waliokaa kimya, waseme wao wangemwambia nini Labongo siku mkuki uliporudi. Mtoto aliyewahi kutafuta maneno hayo darasani atakuwa nayo siku ndugu zake watakapogombania shamba.

Wazee na mama zetu, kwenu ombi ni la msimulizi. Ngano za Kiteso mnazozijua nyinyi haziko zote vitabuni. Watoto wakija na simu zao kuwarekodi, wapeni, na wasahihisheni wanapokosea. Nanyi vijana mtakaopewa, msidhani mmelipa kwa sukari mliyobeba. Ngano hailipwi kwa aliyeisimulia. Inalipwa kwa mtoto ambaye bado hajaisikia, kwa lugha yake, na kwa ziada mtakayoiongeza wenyewe. Hilo ni deni ambalo ningependa kila mmoja wenu aondoke nalo hapa na asilimalize kamwe.